Kukivika Kitu Nguo ya Mwanga: Tuanze na Katoni

(Mazungumzo na vijana wa jumuiya, baada ya tarawehe)



Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa niseme machache kwa kuwa kamati inataka usiku wa Idd ukuta wa ukumbi wetu uwake rangi na michoro. Wengi wetu tumeona video za Sharjah, ambako tamasha la taa lilianza mwaka 2011 na misikiti huangaziwa mapambo yanayotembea ukutani. Sasa nasikia kuna mchango wataka kupitishwa inunuliwe projekta kubwa. Mimi nasema subirini kwanza. Pesa za watu zisitoke kabla sisi wenyewe hatujaijua kazi.

Kazi hii huitwa projekshoni mapingi. Projekta tuliyoizoea hutupa picha ya mstatili juu ya kitambaa bapa. Hapa kitambaa hakuna, na picha hukatwa kwa umbo la kitu chenyewe, kama fundi cherehani anavyokata kanzu kwa kipimo cha mwenye kuivaa. Mwanga ukimwagika nje ya kitu hata vidole viwili, jicho lagundua mara moja.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1969, kule Disneyland, California, walipiga filamu nyuso za waimbaji kisha wakazitupa juu ya sanamu za vichwa, zikaonekana kama zinaimba. Mwaka 2001 watafiti, akiwemo Ramesh Raskar, walionyesha kazi waliyoiita Shader Lamps. Walichukua modeli nyeupe ya Taj Mahal wakaipaka rangi na vivuli kwa projekta tu, bila tone la rangi. Tazameni vizuri: walianza na modeli ya mezani, hawakukimbilia jengo.

Basi na sisi tutafute katoni. Ipake rangi nyeupe isiyong'aa, iweke mezani kona ikielekea projekta, ili pande mbili zionekane, na projekta ikiwa juu kidogo basi na kifuniko pia. Ukishaweka, chora alama za chaki chini ya vyote viwili. Kuanzia hapo mtu asiguse! Ikisogea meza kidogo tu, kazi yote imeharibika. Projekta nyingi zina kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda. Kirudishe sifuri ukiache, maana kunyoosha tutafanya kwenye kompyuta. Na kompyuta iambie projekta ni skrini ya pili, isiwe nakala ya ile ya kwanza.

Programu ziko za kulipia, kama MadMapper na Resolume Arena, lakini iko MapMap ambayo ni ya bure. Unafungua umbo la pembe nne, unavuta kila pembe mpaka ikae juu ya pembe ya katoni. Na hapa wengi hukosea: macho yawe kwenye katoni, si kwenye skrini. Kila upande upe umbo lake. Kilichobaki kiwe cheusi, kwani cheusi kwa projekta ni kutotoa mwanga, ingawa zile za bei nafuu huvujisha ukungu kidogo.

Usianze na video. Upe upande mmoja rangi angavu na wa pili rangi hiyo hiyo iliyofifia, kisha uzibadilishane polepole. Wallahi utadhani jua linaizunguka katoni, na hakuna kilichosogea.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo itakayoamua mambo ya mchango. Chukueni projekta ya darasani ya lumeni 3000, picha yake upana mita 2 na kimo mita 1.5. Hizo ni mita 3 za mraba, kila moja yapata lumeni 1000. Ukirudi nyuma mpaka upana uwe mita 4, eneo limekuwa 12, na kila mita yabakiwa na 250. Ukitaka mita 8 za ukuta wetu, eneo ni 48 na fungu ni kama lumeni 62. Hapo taa ya barabarani pekee yatosha kuiua picha. (Mwezi hausumbui, ni hafifu mno, na usiku wa Idd kwanza ni mwandamo tu.) Wenzetu wa Lyon, Ufaransa, tamasha lao la taa hulifanya Desemba usiku ukiwa mrefu, sisi hapa saa moja na nusu usiku giza limeshaingia, mwezi wowote wa mwaka.

Kwa hivyo rai yangu ni tuuache ukuta mzima, tuvike mlango wa mbele peke yake. Tena si ubao wenyewe, kwa kuwa mbao nyeusi humeza mwanga, bali ile chokaa nyeupe inayouzunguka. Mlango ubaki giza katikati, mapambo yapande kandokando. Hiyo ni mita 3 hivi, na projekta ya kuazima itaiweza. Taa ya barazani izimwe, waya ufungwe vizuri watoto wasijikwae, na mtu asiruhusiwe kuchungulia ndani ya lenzi, yaumiza macho.

Kesho mwenye katoni na aje nayo. Projekta nitaiomba mimi, tuanze baada ya tarawehe. Kama kuna maswali, karibuni.