Safari Katika Uchina ya Kusini

Mtu atakaye kuijua nchi ya Uchina asiishie katika miji mikubwa. Na ashike njia ya kusini, aingie Guangxi, penye mji wa Guilin. Tangu mwisho wa mwaka 2014 iko treni ya umeme iendayo kasi sana kutoka Guangzhou, na safari ni ya saa tatu hivi. Lakini abiria wa treni hiyo haoni mengi, kwa kuwa mara nyingi hupita ndani ya milima badala ya kuizunguka.

Afadhali mashua. Kutoka Guilin mpaka mji mdogo wa Yangshuo, kwa Mto Li, ni kilomita 83. Milima ya huko imesimama mmoja mmoja, mithili ya vichuguu vikubwa mno. Ni mawe ya chokaa, ambayo maji ya mvua yameyala tangu zamani za kale, yakabakiza vilele juu na mapango chini. Karibu na Xingping wasafiri hutoa noti ya yuan 20 na kuinua mbele ya macho, maana picha iliyo nyuma ya noti hiyo ni ya mahali hapo. Wavuvi husimama juu ya vyelezo vya mianzi pamoja na mnandi waliofunzwa kuvua. Shingo ya ndege hufungwa uzi asiweze kumeza samaki mkubwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi kwa ajili ya wageni wapigao picha.

Kaskazini ya Guilin, katika wilaya ya Longsheng, ndiko kwenye jambo kubwa zaidi. Watu wa makabila ya Zhuang na Yao wameichonga milima kuwa ngazi za majaruba ya mpunga, kazi iliyoanza zamani za watawala wa Yuan, kati ya mwaka 1271 na 1368. Mengine ni membamba hata huingia mistari michache tu ya mpunga. Msitu wa kileleni haukatwi, kwa kuwa ndio unaotunza maji. Nayo hushuka kwa mifereji, jaruba baada ya jaruba, hata bondeni.

Shida ni hii: jaruba likiachwa likauke, udongo hupasuka, mvua ikija kingo huporomoka, na la juu likiporomoka huharibu la jirani aliye chini. Nao vijana wengi wamekwenda kutafuta kazi za viwandani Guangdong, wakawaachia wazee majembe. Katika kijiji cha Dazhai wamepatana kwamba sehemu ya fedha za kiingilio cha wageni igawiwe wenyeji, kwa kadiri ya majaruba wanayoyalima. Mgao huo hutolewa kila mwaka, na mpunga bado unapandwa.