Aliyelipa Tovuti Bandia Adai Fedha Zake Mapema

Msikilizaji, viza ya kawaida ya kuingia Tanzania ni dola 50 za Marekani. Hata hivyo, zipo tovuti binafsi zilizopambwa kwa rangi za bendera zinazomtoza mgeni zaidi ya hapo, kisha zinawasilisha Uhamiaji maombi yaleyale ambayo angeyajaza mwenyewe. Maneno kwamba hiyo si tovuti ya serikali huwekwa chini kabisa, kwa herufi ndogo za kukodolea macho.

Huo ni udanganyifu, hata ukiambatana na risiti. Aliyenaswa asinyamaze kwa aibu. Apige picha ya ukurasa aliolipia, atunze risiti na barua pepe, kisha aidai tovuti hiyo kwa maandishi. Akipigwa chenga, aende benki iliyompa kadi na kuyapinga malipo. Benki zina utaratibu wa kurejesha fedha, lakini una ukomo wa siku. Anayechelewa hupoteza haki yake.

Serikali nazo zisiishie kwenye tahadhari, zizibane tovuti hizi. Nawe, kabla hujaandika namba ya kadi, tazama anwani: tovuti za serikali ya Tanzania huishia na go.tz.