Simu ya Mkopo: Tuulize Bei Kamili

Ndugu zangu wa Kau, mwaka 2020 Safaricom ilipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo, simu ya intaneti ilianzia shilingi 20 kwa siku. Ni kidogo, ama? Hebu hesabu: siku 270 ni 5,400, mbali na malipo ya mwanzo. Usipolipa, simu hufungwa. Na mto ukifurika mvuvi akakosa, deni halingoji.

Suratul Baqara, aya ya 282, yatuamrisha tuandike deni na muda wake. Basi kabla ya kukubali, kijana, uliza: bei yote ni ngapi? Naimaliza lini? Nikichelewa naongezewa? Nyongeza hiyo ndiyo riba. Wakikuzungusha, baki na mulika mwizi yako, ulale bila deni.

Wabillahi tawfiq.