Mamba na Waseminole: Usiku wa Marudio mjini New Orleans

Katika kandanda ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, mahasimu wa jimbo moja hukutana mara moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba. Aliyeshindwa hurudi nyumbani na kusubiri miezi kumi na miwili kabla ya kulipa kisasi. Lakini Chuo Kikuu cha Florida, maarufu kwa jina la Mamba, kilisubiri siku thelathini na tatu tu.

Novemba 30, 1996, Mamba walisafiri hadi Tallahassee, mji mkuu wa jimbo la Florida, wakiwa nambari moja nchini. Wenyeji wao, Waseminole wa Chuo Kikuu cha Florida State, walikuwa nambari mbili. Wenyeji walishinda kwa pointi 24 kwa 21. Danny Wuerffel, kijana aliyekuwa akirusha pasi za Mamba na kuongoza mashambulizi yao yote, aliangushwa chini mara kwa mara, na wakati mwingine, kwa maoni ya kocha wake, mpira ulikuwa umekwisha kuondoka mikononi mwake. Kocha huyo, Steve Spurrier, hakunyamaza. Alitoa picha za video hadharani akidai kuwa mchezaji wake ameumizwa kwa makusudi. Kocha wa Seminole, mzee Bobby Bowden, alijibu kwa utulivu kwamba vijana wake hucheza mpaka mwangwi wa filimbi. Jibu hilo halikupoza hasira za mtu yeyote mjini Gainesville.

Uhasama wa vyuo hivyo viwili una mizizi isiyo ya michezo. Mwaka 1905 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyogawa elimu ya juu kwa jinsia na kwa rangi. Wanaume wazungu walipelekwa Gainesville, wanawake wazungu wakapelekwa Tallahassee, na Waafrika-Wamarekani wakatengewa chuo chao, nacho pia Tallahassee. Mambo yalikaa hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, askari waliorudi kwa maelfu wakitaka kusoma walikijaza chuo cha Gainesville pomoni, na mwaka 1947 chuo cha wanawake kikageuzwa kuwa Florida State, kikapokea wanaume na kuunda timu. Wakubwa wa Gainesville hawakuona haja ya kucheza na wageni hao wa mjini. Iliwabidi wanasiasa waingilie kati, na mechi ya kwanza ilichezwa mwaka 1958. Mamba walishinda 21 kwa 7, na Waseminole wakasubiri hadi 1964 kuonja ushindi. Anayedharauliwa muda mrefu namna hiyo hasahau upesi.

Mechi za Bowl ni mechi za mwaliko zinazofunga msimu. Ya kwanza ilichezwa California mwaka 1902. Sugar Bowl ya New Orleans ilianza 1935. Waandaaji hupenda timu za mbali, zenye mashabiki wa kujaza hoteli, na si jambo la kawaida kuwakutanisha majirani ambao wametoka kupigana. Lakini mwaka huo hesabu zilivurugika. Jumamosi moja ya Desemba, Nebraska ilishindwa na Texas bila kutarajiwa, na mlango ukafunguka kwa Mamba, waliokuwa wamewashinda Alabama siku hiyo hiyo. Kisha, siku ya mwaka mpya, Arizona State nayo ikashindwa na Ohio State. Kwa hiyo, Januari 2, 1997, timu hizo mbili za Florida zilipoingia uwanja wenye paa wa Superdome, ubingwa wa taifa ulikuwa mikononi mwao wenyewe.

Mamba walikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka miwili kabla, wakiongoza 31 kwa 3 mbele ya Waseminole hao hao, waliruhusu sare ya 31 kwa 31 katika robo ya mwisho, na waliporudiana katika Sugar Bowl hiyo hiyo walishindwa 23 kwa 17. Mwaka uliofuata walifika kwenye mechi ya kuamua ubingwa, na Nebraska wakawafunga 62 kwa 24.

Spurrier alifanya badiliko moja dogo. Badala ya Wuerffel kuupokea mpira akiwa amesimama mgongoni mwa mlinzi wa kati, alirudishwa nyuma kiasi cha mita tano. Hapo alipata nukta moja zaidi ya kutazama kabla ya kufikiwa, na nukta hiyo ilitosha. Alirusha pasi tatu za kufunga, zote kwa Ike Hilliard, ambaye kwa mojawapo alisimama ghafla kana kwamba amekanyaga breki, wakabaji wakampita, naye akaendelea zake. Mapumziko yalikuwa 24 kwa 17. Waseminole walisogea hadi 24 kwa 20, kisha hawakupata kitu tena. Wuerffel mwenyewe, yule aliyesemekana amepondwa, alikimbia na mpira hadi mstari wa mwisho. Matokeo: 52 kwa 20, na ubingwa wa kwanza wa taifa katika historia ya Mamba.

Upande wa pili alikuwepo Warrick Dunn, mkimbiaji wa Seminole, mzaliwa wa Baton Rouge, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka uwanjani hapo. Mama yake, askari polisi, aliuawa na majambazi mwaka 1993, na Dunn, akiwa na miaka kumi na minane, akabeba jukumu la wadogo zake watano. Inafaa kukumbuka kuwa yeye na wenzake hawakulipwa mshahara wowote. Walisomeshwa, basi, huku vyuo na televisheni vikivuna mamilioni ya dola. Ruhusa ya wachezaji kuuza jina na sura zao ilianza Julai 2021, na vyuo vikaanza kuwalipa moja kwa moja mwaka 2025. Dunn alipopata fedha za ligi ya kulipwa, mwaka huo huo wa 1997, alianza kuwasaidia wazazi wanaolea peke yao kupata nyumba zao za kwanza.

Bowden alifariki dunia Agosti 2021. Wuerffel, baada ya kustaafu, alirudi New Orleans kuhudumia mtaa maskini, hadi mafuriko ya kimbunga Katrina yalipoufunika mwaka 2005. Mamba na Waseminole hawajakutana tena katika Bowl. Hukutana Novemba.