Mtoto wa Nani Yule?



Jumapili moja mama mmoja wa kanisa letu hakuja ibadani. Ilinong'onwa kwamba mwanawe wa miaka 13 ameshikwa na polisi kwa kuvunja duka na kuiba redio na sukari. Mwenye duka naye ni mshirika wetu, huketi benchi la tatu. Nasi tulifanya nini? Tuliimba, tukatoa sadaka, tukaenda zetu nyumbani.

Zamani hapa Kenya mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema kwamba aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Aliye chini ya miaka 14 naye huhesabiwa kuwa hajui kupambanua mema na mabaya, mpaka ushahidi uonyeshe vingine mahakamani. Mtoto asifungiwe pamoja na watu wazima. Tena iko njia ya kumwepusha na kesi: akikubali kosa lake bila kulazimishwa, aweza kuagizwa kuomba radhi, kurudisha alichochukua, au kufanya kazi ya kuwafaa watu, huku akiangaliwa.

Wengine watasema huko ni kuwadekeza wezi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, maana nilikuwa nimevunjiwa banda la kuku mwezi ule ule.

Mwamkumbuka Onesimo, mtumwa wa Filemoni? Paulo, naye akiwa kifungoni, alimwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo ana deni, lihesabiwe juu yake Paulo. Deni hakulikana. Alijitolea kulibeba yeye mwenyewe ili Onesimo apate kurudi nyumbani.

Basi Jumatatu mzee mmoja wa kanisa alifuatana na yule mama kituoni. Siku zikapita, afisa wa watoto akaja, mwendesha mashtaka akakubali jambo limalizwe nje ya mahakama. Redio ilirudishwa. Sukari ilikuwa imekwisha kuliwa. Mzee akauliza bei ya kilo mbili, akatoa pesa mfukoni. Mwenye duka alinyamaza kitambo, kisha akamwambia kijana aje kila Jumamosi kufagia mpaka amlipe mzee.

Nilisimuliwa hayo baadaye. Jumatatu ile mimi nilikuwa nyumbani, nikitia kufuli jipya bandani.

Na tuombe.