HOTUBA YA MWENYEKITI: KODI YA MTOTO ALIYEKO MJINI



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka 10. Hesabu za hisa atazisoma mhazini. Mimi nitasema juu ya jambo lililotugombanisha mwaka huu, yaani mikopo ya kodi ya nyumba.

Mnajua, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, biashara zetu hapa zilipungua na vijana wakaenda Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Mtoto akifika huko, simu ya kwanza ni "Mama, nimepata chumba." Ya pili ni hela. Tuseme chumba ni sh. 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi 6, hiyo ni 300,000. Dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Jumla 350,000, na godoro bado!

Wengine wanauliza, kwani Serikali haina nyumba za bei nafuu? Zipo, ila ni chache. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini mtoto wetu muuza mitumba hapati humo kirahisi. Zile ghorofa za Magomeni Kota zilizozinduliwa 2022 walipewa wale wa kaya 644 waliokuwa wakiishi pale zamani. Basi mtu akikwambia toa hela ya chai nikuingize Magomeni, huyo ni tapeli. Na ile sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilifutwa 2005. Siku hizi ni makubaliano tu, mwenye nyumba na mpangaji.

Ndiyo maana nasema mkataba, mkataba, mkataba! Mwenzetu mmoja alituma hela kwa simu, binti alipofika akakuta chumba kina mtu. Mtoto aonane na mwenye nyumba uso kwa uso, siyo dalali peke yake. Aulizie kwa mwenyekiti wa mtaa kama nyumba ni ya huyo kweli. Aulize umeme wanagawanaje, maana ugomvi wa luku haushi.

Jamani, wako kina mama wenzetu waliokwenda mbele zaidi. Bandari ya Dar es Salaam ilipopanuliwa, watu wa Kurasini walihamishwa. Wenye nyumba walilipwa fidia, wapangaji wakaambulia patupu. Wapangaji hao, wengi wakiwa wanawake wa vikundi vya akiba kama hiki chetu, wakachangishana wakanunua ekari 30 kule Chamazi. Wanajenga kidogo kidogo, unaanza na vyumba viwili, unaongeza ukipata. Akiba ya shilingi mia mia hiyo!

Sasa wanaopinga wanasema hela ikienda Dar hairudi, bora mbegu na mbolea. Wana haki ya kuogopa, sanduku ni letu wote. Lakini mimi napendekeza tumkopeshe mama, siyo mtoto, na deni liwe juu ya hisa zake. Isizidi kodi ya miezi 3. Iliyobaki wajitafutie wenyewe. Na hela isitoke mpaka katibu aone nakala ya mkataba.

Tutapiga kura mkutano ujao. Namkaribisha mhazini.