Umelalamika Halmashauri, Umepigwa Danadana?

Ukitendewa visivyo na halmashauri yako, mathalani kiwanja kimegawiwa mtu mwingine na kila ukienda unaambiwa njoo kesho, unapo pa kwenda nje ya halmashauri hiyo: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ilianza mwaka 2001, ikarithi kazi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966.

Anza na mkurugenzi wa halmashauri, kwa barua, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi ubaki nayo. Huo muhuri, niamini, una thamani kuliko safari kumi za kufuatilia. Ukikwama, peleka lalamiko kwenye Tume, kwa maandishi au kwa mdomo, bila malipo. Tume inaweza kumwita ofisa ajieleze na kudai mafaili. Shauri likiwa tayari mahakamani, hailigusi.

Tume haihukumu, inapendekeza. Basi meno yako wapi? Wakumbuke wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, waliofukuzwa mwaka 2001 na nyumba zao kuchomwa. Waliolalamikiwa hawakuwa halmashauri, bali mkuu wa wilaya na polisi. Tume iliwapa haki wanakijiji, Serikali ikakataa mapendekezo. Suala likafika mahakamani: Mahakama Kuu ikasema haina mamlaka. Mahakama ya Rufani ikasema mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kwa njia ya mahakama.

Kama una barua isiyojibiwa, itafute leo, iweke pamoja na risiti zako.